Somo: Redio ya wati 5, waya wa spika na mnazi mmoja: kuingia FT8 ukiwa ufukweni

Wakuu, salaam.

Tangu niweke ile picha ya mkeka, redio na mnazi, naulizwa swali moja tu: "Unafanyaje?" Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka, kwa hiyo leo namwaga yote hapa: jinsi ya kuingia FT8, mfumo wa kompyuta kupelekana ujumbe mfupi kwa redio. Nitaeleza ninavyofanya mimi, kwa vifaa nilivyo navyo, ufukweni upande wa Pangani. Wewe ukiwa na redio nyingine, au ukiwa mlimani Lushoto, badilisha yanayobadilika.

Tuanze na la sheria, lisije likatuharibia somo katikati. Kurusha mawimbi kunataka leseni ya redio ya ridhaa (ya watu binafsi, si ya biashara). Inatolewa na mamlaka ya mawasiliano: Tanzania unaipata TCRA, Kenya ni CA, Uganda ni UCC. Ukishaipata unapewa ishara ya mwito, jina lako la hewani: ya kwetu inaanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Uganda 5X. Toa nakala ya leseni, itie kwenye mfuko wa plastiki, itembee na redio siku zote. Na ukifika kijijini pitia kwanza kwa mwenyekiti. Mtu aliyekaa peke yake chini ya mnazi, waya umepanda juu, masikioni ana spika, mbele yake kompyuta inashusha mistari ya rangi, hata mimi ningemwitia mgambo.

Kwa nini FT8

Mifumo ya kidijitali ni mingi. Kuna RTTY ya wazee, kuna PSK31 aliyoileta Mwingereza Peter Martinez mwaka 1998, kuna Olivia, kuna JS8. Ninaanza na FT8 kwa sababu ya kivivu: saa yoyote ukifungua redio, watu wapo. Ilitoka mwaka 2017, kazi ya Steve Franke na Joe Taylor, yule mwanafizikia wa Marekani aliyepata Nobeli mwaka 1993. F na T ni herufi za majina yao, 8 ni idadi ya toni. Kila zamu ni sekunde 15. Unarusha zamu moja, unanyamaza zamu inayofuata umsikilize mwenzako. Mawimbi yako yanachukua upana wa hezi 50 tu, na programu inaweza kukusoma hata ukiwa desibeli 20 chini ya kelele, mahali ambapo sikio la mtu linasikia mvumo mtupu. Ndiyo maana wati 5 zinatosha.

Bei yake ni kwamba hampigi soga. Mnapeana miito, mahali mlipo na nguvu ya kusikika, mnaagana. Anayetaka soga asubiri, JS8 ipo chini kwenye maswali.

Hatua ya 1: waya

Watu wananiuliza redio gani. Niulizeni waya gani. Redio ya bei mbaya kwenye antena mbovu ni kikokotoo tu.

Nunua waya wa spika, ule wa nyuzi mbili zilizoshikana, uupasue katikati. Kwa bendi ya mita 20 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi), FT8 iko megahezi 14.074. Chukua 142.5 ugawe kwa masafa kwa megahezi, unapata mita 10.1, yaani mita 5.06 kila upande. Usikate hapo. Kata mita 5.3, kwa sababu waya uliokata hauongezeki. Ganda la plastiki nalo linafanya waya "uonekane" mrefu kuliko ulivyo, kwa hiyo mwisho wa yote utajikuta chini kidogo ya mita 5. Mimi niliazima NanoVNA ya rafiki, kifaa kidogo cha kupimia antena, nikapunguza kidogokidogo. Kwa kipimo cha kichwani: ukiondoa sentimita 10 kila upande, masafa yanapanda kama kilohezi 280. Badala ya kukata, kunja ncha urudishe waya nyuma juu ya wenyewe. Siku ukihamia sehemu nyingine utaukunjua.

Katikati nimelehemu soketi ya BNC juu ya kipande cha ubao wa kukatia nyama. Kebo ni RG-58, mita 8, na karibu na soketi nimeizungusha mara kumi kwenye pete ya feraiti ili kebo yenyewe isigeuke antena. Ncha za mita 5 zina klipu za mamba, na begini nina vipande vingine viwili vya mita 5; nikiviunga napata bendi ya mita 40, yaani 7.074.

Sasa kuupandisha. Wavuvi wamenifundisha: funga chubwi kwenye mshipi, rusha juu ya shina la kuti, chubwi inashuka yenyewe upande wa pili. Vuta kamba ya nailoni kwa ule mshipi, kisha vuta antena kwa kamba. Kati iwe juu mita 7 hivi, mikono miwili ishuke kama paa la nyumba, ncha zifungwe kwa kamba kwenye vigingi juu kuliko mikono ya watoto. Pasipo mnazi ninaazima upondo wa ngalawa na kuufunga kwenye mti wowote. Kaa mbali na shina. Nazi haina taarifa. Na kabla ya kurusha chubwi tazama juu, kama kuna nyaya za umeme karibu, hama. Hilo halina mjadala.

Wakati wa masika na vuli, ukisikia "kra-kra" kwenye redio kabla hujaona wingu, radi iko njiani. Chomoa kebo, shusha waya, kanywe chai.

Hatua ya 2: umeme

Redio yangu ni FT-818 ya mtumba. Ikipokea inakula kama nusu ampea, ikirusha wati 5 inakula ampea 2. Kwa kuwa FT8 hairushi zaidi ya nusu ya muda, wastani unabaki kwenye ampea 1 na kidogo. Betri ya lithiamu chuma (LiFePO4) ya 12.8V, 6Ah, inanifikisha saa tano bila wasiwasi. Soma kwanza volti za juu za redio yako: betri hii ikitoka kwenye chaja inapita volti 14, na kuna redio ndogo zisizostahimili hizo. Weka fyuzi kwenye waya chanya. Rangi za nyaya zisikudanganye, pima kwa mita.

Hatua ya 3: kuunganisha kompyuta

Redio kama IC-705 na QMX zina kadi ya sauti ndani, kebo moja ya USB inamaliza yote. FT-818 haina, kwa hiyo kati yake na kompyuta mpakato nina kadi ndogo ya nje ya USB inayoingia kwenye tundu la DATA mgongoni. Redio iko kwenye DIG (hali ya kidijitali), upande wa juu wa mawimbi (upper sideband), USER-U. Upande wa juu kwa bendi zote. Mita 40 kwa sauti tunatumia upande wa chini, lakini FT8 haifuati desturi hiyo, na wengi hupotelea hapo.

Programu ni WSJT-X, ya bure. Weka mwito wako na gridi yako. Gridi ni ile ramani ya miraba ya Maidenhead: Dar, Bagamoyo na mjini Unguja ni KI93, Tanga na Pangani KI94, Lushoto na Mombasa KI95, Arusha KI86, Nairobi KI88. Kisha chagua kadi sahihi ya sauti, ya kuingia na ya kutoka. Narudia: sahihi. Nenda pia kwenye mipangilio ya kompyuta uzime milio yote.

Mimi sikuzima. Alasiri moja niko katikati ya kumjibu Mtaliano, ikaingia arifa, na ule mlio wa "ting-ting" ukatoka hewani kwenye 14.074, mbele ya Ulaya nzima. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Nikiwa nahangaika kuuzima, nikagusa wimbo wa taarabu uliokuwa umesimama tangu jana usiku. Sekunde saba za kinanda na fidla. Hakuna aliyeniandikia kulalamika, lakini tangu siku hiyo kompyuta ya redio haina hata wimbo mmoja.

Hatua ya 4: saa

Hapa ndipo wanapokwama wengi kuliko pengine popote. Zamu za FT8 zinaanza sekunde ya 0, 15, 30 na 45 ya dakika, dunia nzima kwa pamoja. Saa ya kompyuta yako ikikosea nusu sekunde, sawa. Ikikosea sekunde mbili unaanza kupotea. Ikizidi hapo, utaona mistari mizuri inashuka kwenye skrini na hakuna hata neno moja linalosomeka.

Kwenye mtandao, iunganishe kompyuta na simu dakika mbili, iambie isawazishe saa, kata. Pasipo mtandao, kifaa kidogo cha GPS cha USB kinatoa saa ya setilaiti. Pasipo vyote, tazama safu ya DT kwenye WSJT-X: ni tofauti ya sekunde kati ya saa yako na ya unayemsikia. Ukiona wote wanaonyesha 1.4, 1.5, 1.3, mwenye kosa ni wewe. Sogeza saa yako hadi wengi wakae karibu na 0.1 au 0.2.

Kumbukumbu zote tunaandika kwa saa ya dunia, UTC, na sisi tunaohesabu saa kuanzia machweo na macheo tuna njia yetu ya mkato. Mchana ongeza tatu: saa 10 jioni ni 13:00. Usiku ongeza kumi na tano: saa 2 usiku ni 17:00. Ikipita 24, toa 24. Saa 12 asubuhi ihesabu kuwa ya usiku, saa 12 jioni ihesabu kuwa ya mchana, hesabu haitakutupa.

Hatua ya 5: kiwango cha sauti

Kupokea: antena ikiwa imeunganishwa, kipimo cha kushoto cha WSJT-X kikae karibu na 30 pakiwa na kelele tu. Kikiwa chekundu, punguza.

Kurusha: hapa ndipo uungwana wa mtu unapoonekana. Zima kikandamiza sauti. Fungua kipimo cha ALC cha redio (kinachoonyesha redio ikianza kuibana sauti iliyozidi), pandisha kidude cha nguvu kwenye programu polepole hadi ALC inaanza kutikisika, kisha rudi nyuma hadi itulie. Basi. Ukisukuma sauti zaidi hupati nguvu. Unapata vivuli vyako kushoto na kulia, unakaa juu ya watu wengine kama mtu anayeketi viti vitatu kwenye daladala. Washa pia ile sehemu ya Split kwa "Fake It", inaweka toni zako kati ya hezi 1500 na 2000, hapo uchafu unaozaliwa kwenye sauti unaangukia nje ya mlango wa redio.

Ukiona kishale cha kompyuta kinatembea chenyewe kila unaporusha, si jini. Mawimbi yamerudi kwa kebo ya USB. Zungusha kebo hiyo mara tano sita kwenye feraiti, na hamisha kompyuta mbali na waya. Kwangu mimi kuhamisha mkeka mita tatu kulitosha.

Hatua ya 6: kuita

Sikiliza dakika tano kwanza. Unaona mistari: saa, desibeli, DT, toni, ujumbe. Tafuta nafasi tupu kwenye picha ya rangi, weka toni yako ya kurusha hapo na uifunge isihame. Ukimwona anayeita CQ (yaani "yeyote anijibu") na nguvu yake ni nzuri, tuseme -8, mbofye mara mbili. Programu inaendesha yenyewe: anaita CQ na gridi, unamjibu kwa mwito wako na KI94, anakupa nguvu yako, labda -15, unamrudishia R (nimepokea) na yake, anasema RR73, unasema 73 (salamu za kuagana). Dakika moja na nusu, imeisha.

Siku yangu ya kwanza pale ufukweni ilikuwa saa 11 jioni. Nimeita mara nne, kimya. Mara ya tano mstari mwekundu ukatokea, mwito wangu ndani yake, kutoka Italia, karibu kilomita 5,900, umenipa -17. Nyuma yangu walikuwa wamekusanyika watoto saba na mzee mmoja mwenye ndoo ya dagaa. Mzee akauliza, "Amesema nini?" Nikamjibu amesema amenisikia. Akangoja kidogo, akaona hakuna kingine, akasema, "Hayo tu?" akaenda zake.

Ukichoka kuita, fungua PSK Reporter kwenye simu uandike mwito wako. Ramani itakuonyesha nani amekusikia, hata asiyekujibu. Mara nyingi utagundua unasikika Uhispania na Japani huku wewe unajiona uko kisimani.

Kwa bendi, mchana wetu 21.074 na 28.074 zinafanya kazi vizuri tangu mzunguko wa 25 wa jua ulipochangamka, jioni 14.074, na alfajiri 7.074. Usikariri, jua lina hulka yake.

Karibuni maswali.

---

Swali (Mwanza): Shikamoo mwalimu. Nimefuata yote. Picha ya rangi inashuka, milio ya FT8 naisikia kabisa kwa masikio, lakini kwenye dirisha hakuna maandishi. Nimeshusha programu upya mara tatu.

Jibu: Marahaba. Programu haina kosa, iache ipumzike. Milio ukiisikia maana yake antena, redio na kebo viko sawa. Tazama saa. Fungua simu kwenye programu inayoonyesha saa ya GPS na sekunde, iweke kando ya kompyuta.

Mwanza tena: Saa ilikuwa nyuma sekunde 4. Imefunguka! Kuna Warusi na Wahindi. Ahsante mwalimu.

Swali (Nairobi): Mkuu, mimi niko ghorofa ya tano, mtaa wa Pipeline. Mwenye nyumba hataki kuona hata kamba ya nguo dirishani. Na kelele ya hapa ni S9, kali sana kwenye kipimo cha redio, taa za LED na chaja za majirani. Nifanye nini, nihame?

Jibu: Usihame, toka. Hii ndiyo faida ya redio ya begi. Jumapili moja nje ya mji, mbali na chaja za watu, utasikia kuliko mwezi mzima ukiwa ghorofani. Siku za kazi sikiliza kwa WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ni redio halisi unayoiongoza kwa kivinjari. Sauti yake unaweza kuipeleka WSJT-X ikaisoma, japo mtandao unaichelewesha kidogo, kwa hiyo DT itakuwa na makosa.

Swali (Dodoma): Kaka, mimi sina redio wala leseni, naisubiri. Nina simu ya Android tu. Kuna ninachoweza kufanya, au nikae pembeni?

Jibu: Dada, huna haja ya kukaa pembeni. Fungua hiyo WebSDR kwenye kompyuta ya mtu, weka 14.074 upande wa juu. Kwenye simu weka programu ya FT8CN, iache isikilize kwa maikrofoni, simu iwe karibu na spika. Itasoma. Utakapopata leseni, FT8CN hiyo hiyo inaweza kuendesha redio kwa kebo ya OTG, na kompyuta ukaiacha nyumbani. Kurusha kabla ya leseni, hapana, hata kwa redio ya kuazima, isipokuwa umekaa na mwenye leseni na sheria ya mahali inaruhusu.

Swali (Morogoro): Betri ya LiFePO4 bei yake imenikimbiza. Betri ya UPS ya 7Ah itafaa? Na ya bodaboda?

Jibu: Ya UPS inafaa, ila ni nzito, na usiishushe chini ya nusu kama unaipenda. Kwa hiyo hesabu 3.5Ah, saa tatu na kidogo. Volti zake pia zinashuka ukirusha, ukiona redio inajizima katikati ya zamu ndiyo hiyo. Ya bodaboda imetengenezwa kwa kuwasha injini, kishindo kifupi. Ukiinyonya polepole kila wikiendi itakufa mapema. Na ile ya asidi ya maji ikilala ubavu kwenye begi, utanunua na begi.

Swali (Goma): Jambo ndugu. Huku mtandao unakatika siku mbili tatu. Nataka kuandikiana na ndugu aliye Bukavu, kwa Kiswahili, si "73" tu. FT8 inaweza?

Jibu: Jambo sana. FT8 ina ujumbe huru, lakini herufi 13 pamoja na nafasi. "HABARI ZA ASB" ni 13 kamili, na hapo pumzi imekwisha. Wewe unahitaji JS8Call. Imejengwa juu ya FT8, lakini unaandika sentensi nzima, na inaweza hata kuacha ujumbe kwa kituo cha tatu akuwekee hadi ndugu afungue redio. Kwa 40 iko 7.078, kwa 20 iko 14.078. Ina pia njia ya kujisawazisha saa kwa wale inaowasikia, kwa hiyo mtandao ukikatika hauko gizani. Ni polepole, sentensi moja unaweza kuvuta kikombe cha chai. Miito yenu itaanza na 9Q, hakikisha nyote wawili mko na leseni.

Swali (Tanga): Samahani mwandishi, lakini hii kwangu si redio. Ni kompyuta mbili zinasalimiana, nyie mmekaa kando kama walinzi. Nilianza na mosi (alama za Morse, nukta na vistari) miaka ya themanini, mkono unajua unachofanya.

Jibu: Mzee wangu shikamoo. Sina ubishi mkubwa. Mara nyingine hata mimi naona nimekaa kando. Lakini waya nimeukata kwa mkono wangu, na ule mnazi hakuna kompyuta iliyourushia chubwi. Mosi nimeianza mara mbili nikaiacha. Kama uko Tanga na bado una kipigo chako cha mosi, nitakuja unifundishe.

Tanga tena: Njoo Ijumaa baada ya swala. Leta kahawa.

Swali (Muscat): Assalaam alaykum. Baba yangu ni wa Tanga, mimi nimezaliwa huku, mwito wangu unaanza na A4. Niambie saa gani na bendi gani nikutafute. Nina wati 10 na waya juu ya bati.

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullah. Kutoka Muscat hadi huku ni karibu kilomita 3,800, umbali mzuri sana, mruko mmoja tu wa mawimbi unakaribia kuufunika. Jaribu 21.074 kuanzia saa 9 mchana kwa saa yetu, yaani 12:00 UTC, kwenu saa 16:00. Ikiwa kimya shuka 14.074 jua likianza kuzama. Waya juu ya bati ulaze mbali nalo angalau mita moja na nusu, bati linameza mawimbi na kubadilisha urefu unaofaa, kwa hiyo pima ukiwa umeshaupandisha, si chini. Msalimie mzee.

Swali (Mombasa): Nimesikia kuna setilaiti haihami. Wati 5 zitafika?

Jibu: Unasema QO-100, kirudisha mawimbi cha redio ya ridhaa kilicho kwenye setilaiti ya Qatar ya Es'hail-2, ilirushwa Novemba 2018, iko juu ya longitudo 26 mashariki. Kwetu iko karibu utosini, kwa hiyo dishi linatazama juu kama bakuli, likinyesha linajaa. Kusikiliza ni rahisi: dishi la kawaida, kichwa chake cha kupokelea (LNB) na kipokezi cha USB, iko 10489 megahezi. Kupeleka ni 2400 megahezi, redio za somo hili hazifiki huko. Hilo ni somo lake.

Swali (Chake Chake): Mwalimu, mimi niko Pemba, ng'ambo tu ya maji. Jumamosi iliyopita PSK Reporter inaonyesha Italia, Uturuki na India wanakusikia. Mimi niko kilomita 90, redio wazi, sikukuona hata mara moja. Antena yangu mbovu?

Jibu: Antena yako haina kosa, umekaa kwenye kivuli. Mawimbi ya mita 20 yanapanda juu kwa mlalo, yanagonga tabaka la juu la anga na kushuka mbali, mara nyingi zaidi ya kilomita elfu. Yale yanayotambaa chini yanakufa kabla ya kuvuka mlango wa Pemba. Kati ya hapo ni eneo lililorukwa, na Chake iko katikati yake. Ni kama mtu anayemwagilia bustani kwa kushika mpira juu sana: ya mbali yanalowa, anayesimama mbele ya miguu yake yuko mkavu.

Kwa wewe na mimi dawa ni mita 40, na antena ishushwe makusudi. Weka waya mita tatu au nne tu kutoka chini, mikono ya mita 10 kila upande, hapo mawimbi yanapanda karibu wima na kudondoka karibu wima, yanafunika mkoa mzima na kisiwa chako. Mchana ndipo anga linapoyarudisha vizuri; usiku wa manane yanaweza kutoboa yakaenda zake.

Tufanye hivi: Jumamosi, saa 4 asubuhi, 07:00 UTC, 7.078 kwa JS8. Maji yatakuwa yamekupwa, nitafunga ncha moja kwenye ngalawa iliyolala mchangani. Mwito wangu unaujua.

Chake Chake tena: Insha'Allah. Nina kamba ya kuanikia nguo ya mita 20 uani, ina waya ndani. Itafaa?

Jibu: Ukitoa nguo. Tazama kama waya wake ni wa chuma au shaba, wa chuma unapoteza kidogo lakini kwa kilomita 90 hatutagombana. Ukate katikati, pale pa kukata ndipo kebo inaunganishwa.

Chake Chake tena: Nitamuomba ruhusa mwenye nguo kwanza. Nitaita mimi.